Upande wa Ukutani

6 Januari

Mdogo wangu Karani,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto wetu, kisha naanza na mgongo wako. Unaendeleaje? Mara ya mwisho ulipokuja uliinuka kitini umejishika kiuno kama mzee wa miaka themanini, ukadai ni uchovu wa safari. Safari gani hiyo ya kukaa kwenye kiti cha basi tu? Lakini hukutaka niuguse, na mimi sikukulazimisha. Huku sote wazima kwa rehema za Mungu. Shemeji yako yumo karakanani kwake, anaranda milango ya shule. Binti yetu wa mwisho amemaliza mitihani, sasa analala mpaka saa nne kana kwamba alikuwa analima.

Neno lililonifanya nichukue kalamu ni hili. Redio imetangaza kwamba bima ya afya ya serikali italipia sasa tiba za asili na tiba shirikishi, na ukandaji umo. Karani, nilipiga magoti palepale jikoni mwiko mkononi. Tangu Mama alipotuacha nimekanda viharusi, wazazi, migongo na viuno vya watu katika chumba kilekile alichokuwa akikandia yeye, na wakubwa wa zahanati walikuwa wakinipita njiani kama wamepita ndoo. Leo serikali imesema kazi hii ni kazi.

Ila wameweka sharti. Kila mkandaji apimwe mtihani apewe kibali, na asiyekuwa nacho atafungiwa mlango. Wala sitaki kukuficha, wanaojiandikisha wananichekesha. Unamkumbuka yule aliyekuwa akiuza vioo vya simu pale kona? Sasa anatibu kwa mawe ya moto. Ametundika kibao, "Daktari wa Nishati". Ana cheti chenye ukingo wa dhahabu alichokipata kwa mafunzo ya siku tatu, na siku ya pili alikuwa na mafua hakwenda.

Nina mgonjwa mmoja sitaki nimwache katikati, yule fundi saa wa karibu na posta. Kiharusi kilimshika upande wa kulia. Nilimpokea mkono unaning'inia kama soksi kwenye kamba. Sasa anashika kijiko. Bado koleo lake dogo la kushikia skrubu, na bila hilo yeye si fundi, ni mtu anayekaa mbele ya saa.

Wewe unafanya kazi hukohuko penye mihuri. Wanasema kuna kitabu cha mwongozo ambacho mtihani unatoka humo. Nitafutie, unijibu mapema kabla hawajanipangia siku.

Dada yako,
Chokaa


22 Januari

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema pamoja na Shemeji. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, amebadilisha mapazia ya sebuleni. Watoto wanasoma. Mgongo wangu hauna tatizo, ni kiti cha ofisini tu, nimeomba kingine.

Nimeambatanisha Mwongozo wa Tiba Shirikishi kama ulivyoomba. Nakushauri usome kwa makini sehemu ya ukandaji, ukurasa wa thelathini na moja hadi thelathini na nne. Watahini hawaruhusiwi kutoka nje ya maandishi hayo. Mwongozo umeandaliwa na kamati ya wataalamu baada ya kuwahoji watu wenye uzoefu, kwa hiyo hata kama kuna mambo utayaona ni mageni, tafadhali yafuate kama yalivyo.

Kuhusu kamati hiyo sina mengi ya kusema, mimi ni mwandishi wa vikao tu.

Nakutakia mafanikio. Naomba unijulishe matokeo.

Mdogo wako


11 Februari

Karani,

Marahaba, mdogo wangu. Poleni na kazi, na hongera kwa mapazia. Huku afya ipo, namshukuru Mungu. Shemeji yako amejikata kidole na tezo, si sana, lakini ukimsikia anavyosimulia utadhani alipoteza mkono vitani.

Kitabu kilifika nikakisoma. Nimesoma mara tatu, mimi wa shule ya msingi, nikitafuta kosa langu, maana nilijua haiwezekani kosa liwe la kitabu chenye nembo. Eti mgonjwa alazwe chali. Sawa. Eti kitanda kiwe kimeinamia upande wa miguu "kwa kiwango kisichopungua nyuzi tano". Eti kabla ya kuanza, mkandaji "atoe pumzi mbili fupi zenye sauti ili kusafisha njia". Yaani akohoe! Halafu, shika kiti chako kibovu, mgonjwa akandwe upande wa kushoto. Kushoto mkono, kushoto mguu, wiki sita, basi. Na nyuma yake kuna profesa ameandika kurasa mbili nzima kueleza hekima ya kushoto. Kwamba moyo uko huko, kwamba damu ikiamshwa kushoto "itabeba ujumbe" kulia. Damu imekuwa tarishi.

Siku ya mtihani walitupanga ukumbini. Vitanda kumi, vyote vimeinama, wagonjwa wanateleza taratibu kuelekea miguuni kama mizigo kwenye tela. Mtahini wangu alikuwa binti mdogo mwenye faili, mwenye adabu, sina ubaya naye. Mgonjwa wangu alikuwa mama mtu mzima, kapooza kulia. Nikanawa, nikapasha mafuta, nikasali kama Mama alivyotufundisha, nikashika mkono wa kulia.

"Mama, hujakohoa," akasema.

"Sina kikohozi, mwanangu, Mungu ashukuriwe."

"Ni utaratibu. Mara mbili."

"Nimesali. Haihesabiwi?"

Akapitisha kalamu kwenye orodha kutoka juu mpaka chini. "Sala haimo."

Nikaendelea. Akanigusa bega. "Mama, unakanda kulia."

"Ndiko alikopooza."

"Mwongozo unaanza na kushoto."

"Haya. Na kulia kunafuata lini?"

Akafunua ukurasa, akaufunika, akaufunua tena. Yule mgonjwa mwenyewe kitandani akainua kichwa kusikiliza. "Hakukuandikwa," akasema yule binti, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nimeanguka, Karani. Arobaini na moja kwa mia. Muuza vioo vya simu alifanya na ukandaji pia, akakohoa vizuri kama mtu wa kifua kikuu, akapata tisini na sita. Nina nafasi moja tu iliyobaki, tarehe 5 Mei. Nikianguka tena, sitaruhusiwa kumgusa mgonjwa maisha yangu yote.

Sasa nakuuliza kitu. Usiku ule nilipofika nyumbani sikula. Nililala macho nikawaza, kitanda kilichoinama nimekiona wapi? Karani, ni kitanda cha Mama! Kile chenye mguu mmoja mfupi, kabla Shemeji yako hajakitengeneza mwaka tuliooana. Na kukohoa mara mbili, ni Mama yule. Kuna mtu aliyewahi kukandwa na Mama ambaye amekwenda kusema maneno ofisini kwenu, na ameyasema vibaya. Kikohozi amekikumbuka, sala ameisahau. Nitafutie ni nani, nimwandikie mimi mwenyewe. Nijibu upesi.

Dada yako,
Chokaa


9 Machi

Kwa Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Mvua zimeanza huku, ukuta wa uani umelowa. Mtoto wa kwanza ametolewa jino. Wifi yako amejiunga na kwaya, anafanya mazoezi mpaka jikoni. Mgongo si mbaya.

Pole kwa matokeo. Kuhusu swali lako, kumbukumbu za kamati zinaonyesha kwamba maelezo ya ukandaji yalitolewa na "mtaalamu mwandamizi, mwanamke, mwenye uzoefu wa miaka thelathini". Siwezi kueleza zaidi ya hapo, ni mambo ya ofisi.

Dada, nakuomba kama mdogo wako, usishindane na karatasi. Ni siku moja tu. Tarehe 5 Mei kanda kushoto, inamisha kitanda, kohoa mara mbili upewe kibali chako, halafu ukirudi chumbani kwako ukande unavyojua. Hakuna atakayekufuata. Najua kile kikohozi kilikuwa cha moshi wa jiko tu, lakini ndiyo kimeshaandikwa, tutafanyaje? Kila mtu ofisini anafanya hivyohivyo, anajaza kinachotakiwa halafu anafanya kinachofaa.

Tafadhali nijulishe kama umekubali.

Mdogo wako


18 Machi

Karani,

Marahaba. Hatujambo. Jino la mtoto mpe pole. Kwaya ya wifi yangu naifurahia, angalau nyumbani kwenu kuna mtu anayefungua kinywa.

Nimesoma barua yako mara moja tu, imenitosha. Kitabu kinasema pumzi mbili fupi. Hakisemi moshi. Mimi katika barua yangu sikusema moshi. Wewe umeujuaje? Jiko la Mama lilikuwa nyuma ya mlango, moshi ukiingia chumbani wakati anapasha mafuta, na watu waliokuwa wakilala humo kila siku wakiuona ni watatu. Mmoja yuko kaburini. Wa pili ni mimi. Nimalizie hesabu?

Kwa hiyo mtaalamu mwandamizi ni wewe, uliyelala nyuma ya pazia lililogawa chumba cha Mama.

Basi nikueleze ulichokuwa unakiona, maana inaonekana hukujua. Lile pazia lilikuwa na upenyo pembeni, na Mama alikuwa pande la mtu. Mgongo wake uliujaza upenyo wote. Ulikuwa ukimwona anakanda mkono wa kushoto wa mgonjwa, mguu wa kushoto wa mgonjwa. Ungeapa kwamba kitanda kimegusa ukuta. Hakikugusa. Kulikuwa na nafasi kama ya kuegemeza ufagio. Mama alikuwa mnene, hakuweza kupita, na kitanda hakikuwezekana kugeuzwa, ukimlaza mtu kichwa upande wa mguu mfupi damu inamshukia machoni. Akaniambia, "Wewe mwembamba, pita chini." Nikapita chini ya kitanda nikaibukia ukutani, miaka tisa nilikuwa nayo. Nikakanda kulia wakati yeye anakanda kushoto. Tulikuwa tukienda pamoja, bega kwa bega, kiwiko kwa kiwiko, na Mama akinihesabia kwa kupumua. Huko ndiko nilikojifunza kazi. Kila mgonjwa aliyetoka mle akitembea, nusu yake niliikanda mimi.

Na mgongo wangu ulikuwa unakwaruza ukuta. Ndiyo maana nilikuwa naenda shule na chokaa nyuma ya gauni, na wewe ndiye uliyenipa jina mbele ya shule nzima. Nimelibeba mpaka leo, ninatia sahihi nalo. Hukuwahi kuuliza imetoka wapi.

Sasa nchi nzima wakandaji wanaacha upande wa kulia kwa sababu chumbani kwetu kulikuwa na ukuta! Na profesa ameupa ukuta kurasa mbili.

Unataka nikande uongo siku moja tu. Mke wa fundi saa, kwa kuwa bima inalipa kule na kwangu hailipi, alimpeleka kwa muuza vioo. Siku sita wamekanda mkono wa kushoto, ule mzima. Sasa mzima umekuwa mzima zaidi. Wa kulia umerudi nyuma, kijiko kimemdondoka mara mbili mbele ya watoto wake. Fomu ya bima imekubaliwa bila swali, kila kisanduku kimejazwa.

Geuza karatasi hii uone. Ni tangazo walilobandika mlangoni kwangu, nimelibandua nikaandikia nyuma yake. Sikutaka kukuambia. Chumba cha Mama kina kufuli ya serikali tangu mwezi uliopita. Fundi saa namkanda kwao mchana, naingia na kikapu cha mboga juu ya mafuta, kama mwizi. Mungu ananiona na hajanizuia.

Ukitaka kunijibu, nijibu ukweli. La sivyo nitumie habari za mapazia.

Dada yako,
unajua jina


27 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa wiki tano bila kukuandikia. Nimeanza barua hii mara nyingi, wifi yako ameokota karatasi zilizokunjwa mpaka akaniuliza kama nimeanza mashairi. Natumaini huumwi, natumaini Shemeji amepona kidole. Mimi mgongo unaniuma, Dada. Unaniuma tangu mwaka juzi. Asubuhi wifi yako ndiye anayenivisha soksi.

Ni mimi. Kamati ilikuwa na orodha ndefu, mawe ya moto, manukato, bakuli za kugonga, na kila tiba ilikuwa na mtu wake amevaa tai, amekuja na maelezo yaliyopigwa chapa. Ukandaji haukuwa na mtu. Mwenyekiti akasema tiba isiyo na maelezo ya utaratibu hadi Ijumaa itafutwa. Nikaona wanaifuta kazi ya Mama mbele yangu, mimi nikiwa ndiye naandika neno "imefutwa". Nikajitolea, nikasema namjua mtaalamu nitakayemhoji. Nikaenda nyumbani nikafumba macho, nikaandika nilichokuwa nakiona kwenye upenyo. Kila kitu nilikiandika. Nilidhani ni kila kitu.

Ungeniuliza, kwa nini sikukuandikia wewe? Jibu lake ni baya. Pale ofisini nilishasema mama yangu alikuwa muuguzi. Hata wakwe zangu niliwaambia hivyo. Ningekuhoji ningelazimika kuandika wewe ni nani kwangu.

Barua yako ya mwezi wa tatu nilitembea nayo mfukoni. Tarehe 16 kamati ilikaa. Nikaomba kusema, na mwandishi wa vikao huwa hasemi, kwa hiyo wote waligeuka.

"Mtaalamu mwandamizi wa ukurasa wa thelathini na moja ni mama yangu mzazi," nikasema. "Sikumhoji. Alikuwa amefariki miaka tisa kabla."

Mwenyekiti akaniuliza kama naumwa. Profesa akavua miwani. "Na upande wa kushoto?" akasema. "Ile hoja ya upande wa kushoto?"

"Kulikuwa na ukuta, Profesa."

Mama anayetuletea chai alikuwa anapita na sinia. Alicheka, Dada, vikombe vikagongana, akashindwa kutoka mlangoni. Profesa akasema maelezo yake ya kisayansi yanasimama hata kama ukuta ukiondolewa. Nikawaambia upande wa kulia ulikuwa unakandwa na mtoto wa miaka tisa aliyebanwa ukutani, na kwamba mtoto huyo ndiye mkandaji waliyempa arobaini na moja.

Wamekubali kuchapa karatasi ya masahihisho. Kama itakufikia huko kabla ya tarehe 5 sijui, mihuri ni sita. Mimi wamenihamishia chumba cha majalada, chini kabisa, kwa kosa la kuandika mahojiano ambayo hayakuwepo. Ni haki yao. Nabeba maboksi siku nzima. Hapo ndipo mgongo ulipomalizika. Nilikwenda kuomba tiba kwa kadi yangu ya bima, wakanipangia mtu wa mawe ya moto.

Siku ile niliporudi nilimwambia wifi yako kwamba Mama hakuwa muuguzi. Akaendelea kukunja nguo. "Nilijua siku nyingi," akasema. "Nilipojifungua mtoto wa kwanza wewe ukiwa safarini, alikuja akanikanda siku kumi. Muuguzi gani ana mikono ile?"

Kuhusu jina nililokupa shuleni, sijui niandike nini. Sikuuliza. Nilikuwa nacheka tu na wenzangu.

Tafadhali usikae kimya muda mrefu kama nilivyokaa mimi.

Mdogo wako,
Karani


10 Mei

Mdogo wangu Karani,

Marahaba, tena marahaba ya kukunjua uso. Namshukuru Mungu kwa afya zetu, na wifi yangu nampigia magoti. Miaka yote amekula chumvi na siri yetu, akikutazama unavyojikaza! Mwambie akiimba kwaya aimbe na kipande changu. Shemeji yako kidole kimepona, lakini sasa ana ugonjwa mwingine, kicheko. Tangu mwongozo utoke amepokea kazi ya vitanda saba vya kuinama. Anapima nyuzi tano kwa kipimo cha maji, anapiga msumari, anacheka peke yake. Jana wawili wamerudi kuomba avinyooshe.

Barua yako ilinifikia tarehe 3. Kwa hiyo tarehe 5 nilikwenda ukumbini nikijua kila kitu isipokuwa kama karatasi yenu imefika. Nilikuwa nimeshaamua. Kama haikufika nitakanda pande zote mbili na wanifukuze wakiniangalia.

Yule binti wa faili alikuwa amenisubiri mlangoni. "Mama, imekuja leo asubuhi," akasema, akanionyesha kikaratasi chembamba kama lebo ya dawa. Nimekinakili ili usidhani natia chumvi. "Ukurasa wa 31: palipoandikwa upande wa kushoto, pasomeke pande zote mbili. Mwinamo wa kitanda uondolewe. Pumzi mbili zenye sauti zibaki kama zilivyo hadi mapitio yajayo."

Karani, mmeubomoa ukuta mmeacha moshi! Vichwa vyote hivyo, mihuri sita, na kikohozi kimebaki kinangojea mapitio.

Nikanawa. Nikapasha mafuta. Nikasali, na yule binti akainamisha kichwa pamoja nami, ingawa haimo kwenye orodha. Kisha nikakohoa mara mbili, nikijikohoza kwa dharau kabisa, nikiwa nimejiandaa kucheka. Sikucheka. Kilichotoka kifuani mwangu kilikuwa ni kikohozi cha Mama, kilekile, cha kwanza kikavu na cha pili kirefu, na mgongo wangu ukajibana wenyewe kana kwamba kuna ukuta nyuma yangu. Nilisimama pale nimeshika mkono wa mgonjwa mpaka yule binti akaniuliza, "Mama, tuendelee?" Nikamwambia tuendelee. Nikakanda kulia, nikazunguka kitanda kwa miguu yangu miwili, mtu mzima, nikakanda kushoto.

Kibali nimepewa. Walioanguka mara ya kwanza wameitwa wote warudie, hilo nalo ni lako. Muuza vioo vya simu, ingawa alifaulu, ameitwa pia, na sasa anauliza mitaani kama kuna anayefahamu upande wa kulia unakandwaje. Kufuli wameitoa. Fundi saa juzi aliokota skrubu mezani kwa koleo, ndogo kama mbegu ya nyanya, akaiweka mahali pake, akafunika mfuniko wa saa, halafu akaufungua tena ili aifanye mara ya pili mbele ya mkewe.

Kuhusu jina, usihangaike kutafuta cha kuandika. Wewe uliyasema mbele ya watu waliovaa tai yale ambayo hata mimi sikuwahi kuwaambia watoto wangu, kwamba nilikuwemo mle. Imetosha. Kwa kudanganya bado nimekukasirikia kidogo, hiyo iache, itaisha yenyewe.

Sasa mgongo. Ukimruhusu mtu wa mawe akuguse, usinijue. Chukua likizo, waachie maboksi yao, panda basi uje. Kitanda cha Mama nilikivuta katikati ya chumba mwaka ule niliponenepa, kimenyooka, na pazia halipo. Safari hii utalala juu yake wewe mwenyewe mchana kweupe, na nitaanza na kulia.

Nijibu upesi uniambie unafika siku gani, nikuwekee nafasi.

Dada yako,
Chokaa